Msumeno Unavutwa

Siku ya ishirini ya mwezi wa tisa haina msamaha. Upepo uwepo usiwepo, meli ya Waholanzi sharti ing'oe nanga na kuondoka mbele ya kisiwa cha Dejima, katika bandari ya Nagasaki huko Japani, kabla jua halijazama. Mwaka ule, mkaguzi Kuwata Jinnai aliipokea asubuhi ya siku hiyo akiwa amepiga magoti ghalani, mbele ya sanduku refu lisilo na kitu.

Jana yake sanduku hilo lilikuwa na pembe, au ndivyo kila mtu alivyodhani. Pembe nyeupe, ndefu kuliko mtu, iliyosokotwa kama kamba tangu shina hadi ncha. Kampuni ya biashara ya Waholanzi ilikuwa imeileta kutoka bahari za barafu, na Gavana wa Nagasaki alikwisha kuinunua kwa niaba ya Shoguni, mtawala wa nchi, maana hakuna sumu wala homa, walisema waganga, inayoweza kusimama mbele ya unga wa pembe ile. Watu wa Gavana walipokuja kuichukua walikuta mihuri yote miwili juu ya mfuniko iko salama, wa Gavana wa karatasi na wa Kampuni wa lakiri nyekundu. Sanduku lilikuwa zito kama kawaida. Walipofungua, ndani mlikuwa na mwanzi mnene uliojazwa mchanga, umevikwa pamba kwa heshima zote.

Mwizi hakugusa mihuri. Alikata ncha moja ya sanduku kwa msumeno, akatoa alichotaka, akaweka mwanzi, kisha akaibandika ncha ile kwa gundi na kuupaka mkato nta.

Sasa, kisiwa kizima kilikuwa na seremala mmoja mwenye ruhusa ya kuwa na msumeno, naye ni Kisuke. Siku sita nyuma alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza sakafu ya ghala hilohilo. Na katika kibanda chake, chini ya rafu, askari waliokota kipande cheupe cha pembe, kidogo kama ukucha. Jinnai mwenyewe ndiye aliyeamuru mzee wa watu afungwe kamba. Gavana akatoa neno lake jioni ileile: pembe ipatikane kabla ya meli kuondoka, ama sivyo kichwa cha Kisuke kitaondoka asubuhi itakayofuata.

Ushahidi ulikuwa umekaa vizuri mno. Jinnai alikuwa na miaka ishirini ya kupekua mizigo ya watu, na alijua kwamba kitu kinachokaa vizuri mno huwa kimekalishwa, au kimetazamwa upande mmoja tu. Hakulala vizuri. Alikuwa na wasiwasi, na hakujaribu kuuficha.

"Unatafuta nini humo, Bwana Mkaguzi?" aliuliza mkalimani Muneoka Denji, mtu mnene wa miaka hamsini ambaye tangu ajifunze lugha ya Waholanzi alikuwa amejifunza pia kupenda siagi yao. "Tupu ni tupu. Hata ulitazame mpaka kesho."

Jinnai alimjibu kwamba kesho ndiyo hasa asiyoitaka. Alitaka kujua kazi ile ya kukata ilichukua muda gani. Akaagiza Kisuke aletwe, na msumeno wake uletwe.

Mzee aliletwa amefungwa mikono nyuma, kifua mbele, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa bure. Jinnai alichukua msumeno, akauweka juu ya ncha ya pili ya sanduku, ile nzima, akasukuma kwa nguvu zake zote. Upanga wa msumeno ukajikunja.

"Bwana Mkaguzi," alisema Kisuke, "mimi utaniua kesho, sawa. Lakini msumeno umekukosea nini?"

Askari mmoja alimshika bega amnyamazishe. Denji alikohoa kwa muda mrefu bila kuwa na kikohozi.

"Msumeno unavutwa," aliendelea mzee, na sauti ilimtetemeka kwa hasira, si kwa hofu. "Unavutwa, hausukumwi. Nimeurithi kwa fundi wangu, miaka thelathini haujapinda, wewe umeushika mara moja tu."

Mkaguzi mwingine angemchapa. Jinnai alimtazama, akautazama upanga uliopinda, akasema, "Mfungueni mikono. Fundi, nionyeshe."

Kisuke alisugua vifundo vya mikono, akanyoosha upanga kadiri alivyoweza kwa vidole, akakanyaga sanduku kwa mguu wa kushoto na kuanza kuvuta. Ulikuwa umepinda lakini ulimtii bwana wake. Alizunguka pande zote nne, na muda wa kunywa kikombe cha chai haukupita kabla ya ncha kuanguka sakafuni.

Jinnai alipitisha kidole juu ya mkato mpya na kukirudisha haraka. Kibanzi kilikuwa kimemchoma. Ukingo wa nje, upande aliosimama Kisuke, ulikuwa umechanikachanika vibanzi vidogovidogo. Wa ndani ulikuwa laini. Aligeuka kwenye ncha ile ya mwizi, akafanya vilevile. Nje, laini kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyeuona mkato chini ya nta. Akaingiza mkono ndani ya sanduku. Vibanzi vyote vilikuwa huko.

"Fundi, kwa nini vyako viko nje?"

"Kwa sababu meno yanakula yakija kwangu. Yanapotoka ndiyo yanapochana." Mzee alimwonea huruma. "Hata mjukuu wangu anajua hilo."

"Na huyu?"

Kisuke aliinama. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa mkato ambao angekufa kwa ajili yake. Alinusa mbao, akachungulia ndani, akagusa vibanzi kwa kidole gumba, na kwa muda alisahau kabisa kwamba kuna askari wawili nyuma yake.

"Huyu kasimama nje vilevile, lakini kasukuma," alisema. "Meno yalikuwa yanaenda mbali naye, yakachana ndani. Na msumeno wenyewe ni mnene kuliko wangu, tazama upana wa mfuo wake hapa kwenye ncha, alipoanza vibaya akahama."

"Nani duniani husukuma msumeno?"

"Si hao wageni wetu wa nywele nyekundu? Hata randa wanaisukuma. Mimi niliwaona, nikadhani wanatania."

Jinnai aliamuru mzee asirudishwe gerezani, akae palepale ghalani na apewe wali, kisha akatoka nje akitembea upesi hata Denji akawa anamfuata kwa kuruka.

Penye lango la maji palikuwa na vurugu. Lango hilo hufunguliwa wakati wa meli tu, na leo, kwa ajili ya pembe, askari wote wa kisiwa walikuwa wamehamishiwa pale. Mabaharia walikuwa wanavuliwa hadi mashati. Jibini zilikatwa vipande, magodoro yakapasuliwa, matenga ya kuku yakapinduliwa, na jogoo mmoja alikuwa juu ya paa, huru kuliko wote.

Seremala wa meli aliitwa Barend. Alikuwa amekalia sanduku lake la zana akingoja zamu, na ukingo wa mfuniko wake ulikuwa na karatasi ya muhuri wa Jinnai mwenyewe, iliyobandikwa siku meli ilipoingia. Zana za meli hazishuki kisiwani bila kufungwa. Jinnai aliukagua muhuri mara mbili. Haukuwa umeguswa. Matumaini yakaanza kumtoka.

Hata hivyo alifungua. Msumeno wa Barend ulikuwa na meno makubwa kama ya mbwa. Jinnai alimwonyesha ile ncha iliyokatwa na mwizi, aliyokuwa amekuja nayo kwapani, na Denji akafasiri.

"Mwambie," Barend alisema baada ya kucheka, "msumeno wangu ungepita hapa, mngedhani panya wamekula. Huu ulisukumwa, ni kweli, lakini una meno madogo, yaliyokaribiana. Ni wa mtu anayekata kitu ambacho hataki kipasuke."

Kisha mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kushika wa kushoto. Mkono wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Kovu lilikuwa bado jekundu.

"Mwulize kidole kilikwenda wapi," alisema Jinnai.

Denji aliuliza. Pipa lilikuwa limekiponda mwezi wa sita, Barend alieleza, kikaanza kuoza, kikakatwa. Kazi ilikuwa safi, hana lawama. Jinnai alitaka kujua kilikatwa kwa kifaa gani. Baharia akaugeuza uso wake baharini.

"Mimi ni mtu wa mbao," alisema. "Mambo ya daktari aulizwe daktari."

Denji alipomaliza kufasiri alikuwa amekunja midomo. Daktari wa kituo cha Waholanzi kisiwani, Tolsma, alikuwa kipenzi cha Nagasaki nzima. Waganga wa mjini walivuka daraja kuja kumsikiliza, na Denji mwenyewe alikuwa ametibiwa naye jino. "Twende polepole, Bwana Mkaguzi," alinong'ona. "Huyo ukimgusa bila ushahidi, Gavana atakugusa wewe."

Jinnai hakwenda kwa daktari. Alirudi ghalani, akamkuta Kisuke amemaliza wali na anaunyoosha msumeno juu ya goti. Alimwuliza kama daktari amewahi kufika kibandani kwake.

"Alifika. Siku ile waliyokuwa wanapima shaba, asubuhi. Aliomba chungu changu cha gundi, akasema mguu wa meza yake umeachia. Kesho yake akakirudisha, akakiweka mwenyewe kwenye rafu."

"Kipande cha pembe kiliokotwa wapi?" Jinnai alimwuliza askari, ingawa alikwisha kujua jibu.

"Chini ya rafu ya gundi, mheshimiwa."

"Fundi, mbona jana hukusema habari ya daktari?"

Kisuke alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Jana uliniuliza pembe iko wapi. Ukaniuliza mara tisa. Gundi hukuniuliza."

Jinnai aliona aibu, nayo ilimwaka masikioni. Hakuwa na nafasi ya kukaa nayo. Siku ya kupima shaba: alikumbuka makelele, mahamali wakitupa vipande vya shaba kwenye mizani nje ya ghala tangu asubuhi hadi jioni. Msumeno usingesikika. Na daktari huweka dawa zake katika ghala hilo. Aliagiza orodha ya mlango iletwe. Siku hiyo Tolsma aliingia mara moja kuchukua kasha la dawa, pamoja na hamali mmoja wa kulibeba. Mlinzi alibaki nje, kama kawaida.

Tolsma alikuwa barazani kwake, anakunywa kahawa pamoja na mkuu wa kituo, Bwana Hessel, na kutazama meli aliyokuwa haondoki nayo. Alikuwa amebakiwa na miaka miwili kisiwani, na alisema kwa kujivunia kwamba hana haraka. Alipoombwa kasha lake la zana alilileta mwenyewe. Msumeno wa mifupa ulikuwa katika kitanda chake cha mahameli, safi, unang'aa. Jinnai aliuteremsha kwenye ule mfuo wa mwizi katika ncha aliyokuwa bado ameibeba. Uliingia bila kubana wala kucheza.

Hessel alipauka. Tolsma hakupauka.

"Ni wangu, sikatai," alisema, na Denji akafasiri huku macho yake yakiwa sakafuni. "Lakini hukaa chumba cha wagonjwa, na mlango wa wagonjwa hauna kufuli. Nimekuwa na mabaharia kumi humo mwezi huu. Wote leo wanapanda meli. Mimi siondoki. Kama ningeiba, ningeipeleka wapi? Pekueni meli, bwana, jua linakwenda."

Walipekua chumba chake, kitanda, makasha, hata birika. Hakukuwa na kitu. Na maneno yake yalikuwa na akili, hilo ndilo lililomuudhi Jinnai. Denji aliyaunga mkono kwa kichwa. Askari waliyaunga mkono. Kivuli cha nguzo ya bendera kilikuwa kimeanza kurefuka, na kule gatini mashua ya mwisho ya mabaharia ilikuwa inajazwa.

Jinnai alisimama katikati ya baraza akaitazama meli. Miezi saba kuja, miezi saba kurudi. Watu wale walikuwa wanakufa nusu njiani kwa ajili ya shaba na kafuri. Kwa nini? Swali la kipumbavu, lakini alilifuata. Alimgeukia Hessel.

"Ile pembe, nikiinunua hapa nikaenda kuiuza kwenu, nitapata faida gani?"

Kwa mara ya kwanza siku ile mkuu wa kituo alicheka. "Faida? Utarudi bila nguo. Kwetu walikwisha kujua ni jino la samaki. Wanatundika ukutani. Tunaileta huku kwa sababu huku," na hapa Denji akashusha sauti mpaka ikawa kama anaomba dua, "huku bado ni dawa."

Kikombe cha Tolsma kilifika mdomoni kikakaa hapo, bila kunywewa.

Jinnai alikiona. Alikiona kikombe, na nyuma ya kikombe akaona mambo yote. Wafanyabiashara hawa wamevuka nusu ya dunia kukitoa kitu mahali kilipo bure na kukipeleka mahali kilipo ghali. Hiyo ndiyo kazi yao, hawana nyingine. Ni nani kati yao atakayekirudisha? Pembe ile ghali yake ni Nagasaki. Haiendi melini na haijawahi kwenda melini. Na yeye, kwa akili zake, alikuwa amewahamisha askari wote kwenye lango la maji na kuliacha la nchi kavu wazi.

"Denji," alisema, "leo nani amevuka daraja kwenda mjini?"

"Nitajuaje, Bwana Mkaguzi?"

Jinnai alikwisha kuruka ngazi za baraza.

Lango la daraja lilikuwa na mlinzi mmoja tu, Heita, aliyeachwa kwa sababu ana goti bovu. Alisimama wima alipomwona mkubwa anakuja mbio. Hakuna aliyepita, alisema. Leo hakuna kabisa, mheshimiwa. Ila Matsuzo.

"Matsuzo yupi?"

"Yule hamali. Aliyevunjika mguu siku ya shaba. Daktari alikuwa naye siku zote hizi, leo ndugu zake wamemchukua juu ya ubao wa mlango. Sasa hivi tu."

Hamali mmoja wa kubeba kasha la dawa. "Ulimpekua?"

"Nilimpapasa kifua na mikono, kama sheria. Mguu nikauacha. Alikuwa analia, maskini, na daktari kamfunga mabanzi manene kweli."

Jinnai alivuka daraja kwa hatua ambazo hazikuwa za mtu wa cheo chake. Watu walimpisha. Nyuma yake Denji alikuwa anakimbia na kulaani siagi. Njia ilipanda mlima kuelekea mtaa wa wauza dawa, na nusu ya mlima, mbele ya mama mmoja mwenye mapipa mawili ya samaki begani, aliwaona: wanaume wawili wamebeba mlango, na juu ya mlango mtu amelala, mguu mmoja mnene mara tatu ya mwenzake.

"Simameni. Tueni mlango."

Walitua. Matsuzo alianza kulia kabla hajaguswa, na kilio chake kilikuwa kizuri, cha kumwingia mtu. Watu wakatoka madukani. Jinnai alichomoa kisu kidogo.

"Mwanaume mzima unamvua mgonjwa barabarani," alisema mama wa samaki, bila kushusha mzigo. "Na nguo nzuri hivyo umevaa."

Baadhi ya watu waliguna kumuunga mkono. Denji alifika, akashika magoti yake, akasema kwa pumzi iliyobaki, "Bwana Mkaguzi, mguu ukiwa umevunjika kweli tumekwisha. Wewe na mimi. Mimi nina binti wa kuoza."

Jinnai alijua. Alikata bendeji ya kwanza. Chini yake palikuwa na ya pili, akaikata. Yakatokea mabanzi manne, mawili kila upande, kila moja limezungushiwa pamba na kushonwa kwa uzi mzuri wa daktari. Mabanzi manene kweli. Aliweka ncha ya kisu kwenye mshono.

Hapo mgonjwa akapona.

Alirushwa na kitu gani hakuna aliyejua, lakini Matsuzo alitoka juu ya mlango kama chura, akatua kwa miguu yote miwili na kushuka mlima mbio, mabanzi yakimwanguka moja baada ya jingine na kugonga ngazi za mawe. Mama wa samaki hakusogea. Aligeuza mti wake wa mabegani tu, kidogo, na pipa la mbele likakutana na tumbo la Matsuzo. Samaki walitapakaa mtaa mzima. Jinnai alimkalia hamali juu ya samaki hao, anahema, anacheka peke yake kwa furaha.

Denji aliokota banzi moja, akachana pamba kwa meno. Ndani ilimtazama pembe, nyeupe, iliyosokotwa kama kamba. Vipande vinne, vimekatwa safi.

"Basi ni kweli wanachosema waganga," alisema. "Inaponya."

Matsuzo alieleza yote kabla hawajafika darajani, hata ambayo hakuulizwa. Kulikuwa na muuza dawa mjini aliyeingoja pembe tangu mwezi wa saba, na askari wakaenda kumtoa dukani kwake. Daktari ndiye aliyepanga. Yeye kazi yake ilikuwa kubeba na kulia.

Uamuzi wa Gavana ulifika jua likiwa upana wa viganja viwili juu ya bahari. Mgeni hahukumiwi kwa upanga wa Nagasaki. Tolsma alifukuzwa maisha, aondoke leo, na meli hiyohiyo. Alipitishwa lango la maji bila kahawa wala kasha, na askari, kwa kuwa walikuwa wamepata mazoezi tangu asubuhi, walimvua mpaka shati. Barend, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa mashua, alimpa nafasi kwa mkono wenye vidole vinne.

Matsuzo hakuwa na meli ya kupanda. Kamba aliyofungwa ilikuwa ileile ya Kisuke. Jinnai aliiona, akaacha kuitazama.

Alimkuta mzee ghalani, amekaa juu ya sanduku lililokatwa ncha zote mbili. Alimwambia yuko huru, na kwamba Gavana anaomba aiunge pembe ile, ipelekwe Edo kwa Shoguni ikiwa nzima. Kisha mkaguzi Kuwata Jinnai alipiga magoti palepale sakafuni, mbele ya askari wake, akainamisha kichwa mpaka chini.

"Nilikukosea, fundi. Ilibaki kidogo nikuue."

Kisuke aliuinua msumeno usawa wa jicho na kuutazama urefu wake dhidi ya mwanga wa mlangoni.

"Bado umepinda," alisema.

"Nitakununulia mwingine. Mzuri kuliko huo."

"Mwingine siutaki. Inuka, shika huku." Alimtia mkaguzi mpini mkononi, akachukua nyundo ndogo, akaanza kugongagonga upanga taratibu juu ya kipande cha shaba, akisogea kidogokidogo kutoka shina kwenda ncha. Jinnai alishika kwa mikono miwili. Sasa, baada ya kila kitu kupita, nyundo ya mzee ilikosa mara mbili. Nje mizinga ya meli ilipigwa kuaga, na hakuna kati yao aliyegeuka kutazama.

Mwishowe Kisuke aliridhika, au alichoka. Aliweka ile ncha ya sanduku aliyoikata asubuhi juu ya gogo, akauweka mguu wa Jinnai juu yake, akauweka upanga kwenye ubao.

"Haya, Bwana Mkaguzi. Vuta."

Jinnai akavuta.